Samaki wa Salton Walianza kwa Kukoma Kuzaliwa

Agosti 1999, samaki wapatao milioni 7.6 walikufa kwa siku moja katika Ziwa Salton, kusini mwa jimbo la California. Wengi wao walikuwa perege. Ufuo ulijaa mizoga, na kwa watu wengi hiyo ikawa alama ya ziwa linalokufa. Alama hiyo ilisomwa vibaya. Ziwa linaloweza kupoteza samaki milioni saba kati ya alfajiri na jioni bado lina samaki tele. Miaka michache baadaye mizoga ilipungua, na hapo ndipo palipokuwa na sababu ya kuogopa, kwa kuwa waliobaki wa kufa walikuwa wachache.

Ziwa lenyewe lilizaliwa kwa ajali. Mwaka 1905 Mto Colorado ulibomoa kingo za mfereji wa umwagiliaji ukamwagika bondeni, na ufa haukuzibwa hadi 1907. Uso wa ziwa uko mita 70 hivi chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanayoingia hayana pa kutokea isipokuwa juani. Jua la jangwa hulipunguza karibu mita 1.8 kwa mwaka. Lililozuia lisikauke ni maji yanayochuruzika kutoka mashamba ya mabonde jirani ya Imperial na Coachella, na maji hayo hubeba chumvi inayokadiriwa kuwa tani milioni nne kila mwaka. Aliyeona wapishi wa chumvi wa Gongoni au Bagamoyo wanavyotega maji kwenye vitalu hahitaji maelezo zaidi. Salton ni kitalu kimoja kikubwa ambacho hakuna anayekivuna.

Kila lita ilikuwa na gramu chache tu za chumvi mwanzoni. Kufikia katikati ya karne chumvi ilikuwa imekaribia ile ya bahari, yaani gramu 35, na samaki wa maji baridi hawakuwa na maisha tena. Idara ya samaki ya California ilikwenda Ghuba ya California, upande wa Mexico, ikaleta zaidi ya aina 30 za samaki wa bahari katika miaka ya 1950. Karibu zote zilishindwa. Zilizoshika ni tatu: korvina, ambaye alifika kilo 14 na zaidi, bairdiela, ambaye ndiye aliyekuwa chakula chake, na sago. Bairdiela waliotiwa ziwani mwaka 1950 na 1951 walikuwa 67 tu, na kutokana nao wakapatikana mamilioni. Chini ya mnyororo huo wote alikuwepo mnyoo wa tope aliyepandikizwa mwaka 1930. Wavuvi wa ndoana walimiminika, gati zikajengwa, boti zikajipanga.

Hesabu ya mwisho wa uvuvi huo, hata hivyo, ilikuwa ndani ya hesabu ya mwanzo. Taarifa ya kisayansi iliyohaririwa na Boyd Walker mwaka 1961, wakati uvuvi ukiwa umenoga, ilikwisha kuonyesha kwamba uhai wa samaki hao unategemea kiwango cha chumvi, na kiwango kilikuwa kinapanda. Jambo ambalo mvuvi hakuweza kuliona ni kwamba chumvi haiwaui samaki wa umri wote kwa pamoja. Korvina mkubwa ana matamvua na figo za kumwezesha kutoa chumvi iliyozidi. Yai halina matamvua. Kifaranga aliyetoka kuanguliwa hana akiba ya nguvu ya kupambana na mgandamizo unaomnyonya maji mwilini. Mayai na vifaranga vya samaki hawa huanza kushindwa chumvi inapokaribia gramu 40 kwa lita, ilhali wazazi wao wanaendelea kula na kunenepa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ziwa lilikuwa na gramu 44 hivi.

Ndiyo maana ndoana ni kipimo kibovu. Inapima wakubwa. Mvuvi anayepandisha korvina mnene anaamini ziwa ni zima, kumbe anavua wazee katika kijiji ambacho hakijasikia kilio cha mtoto kwa miaka.

Chumvi haikufanya kazi peke yake. Maji ya mashamba huleta mbolea, hasa naitrojeni na fosforasi, nayo hustawisha viumbe vidogo vya kijani vya majini mpaka ziwa likawa kama supu. Vinapokufa huzama na kuoza, na kuoza humaliza oksijeni ya chini. Bakteria wa tope hapo hugeukia salfeti, ambayo Salton inayo kwa wingi, na kutengeneza haidrojeni salfaidi, gesi ya harufu ya mayai viza. Wakati wa joto na utulivu gesi hiyo hukaa chini. Upepo mkali ukivuma, tabaka hupinduka, gesi ikapanda na kuiteketeza oksijeni ya juu katika muda wa saa. Maji hubadilika rangi kwa chembe za jasi. Samaki hujazana midomoni mwa mifereji, vinywa juu, wakitafuta hewa. Septemba 2012 harufu ya mpinduko kama huo ilifika hadi Los Angeles, zaidi ya kilomita 200 kutoka ziwani. Juu ya hayo, wachunguzi wa matamvua waliwakuta vifaranga wameshambuliwa na kimelea kiitwacho Amyloodinium, na samaki aliyezibwa matamvua hana nafasi yoyote oksijeni inaposhuka.

Baada ya 2003 nyavu za utafiti hazikuleta tena korvina, bairdiela wala sago. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, mkataba wa kuhamishia San Diego sehemu ya maji ya Imperial ulitiwa saini, na kwa kuwa miaka imelingana wengi huutupia mkataba lawama ya korvina. Tarehe hazikubali. Samaki wa bahari walikuwa wamekwisha kabla mkataba haujalipunguzia ziwa maji. Deni la mkataba ni jingine: perege.

Perege wa Salton, kwa njia fulani, ni wa huku kwetu. Ni chotara wa perege wa Msumbiji na perege wa Mto Wami wa Tanzania, aliyefika huko miaka ya 1960 kupitia mifereji na ufugaji. Huyu huvumilia chumvi inayoweza kuua karibu samaki yeyote mwingine, mradi maji yana joto. Majira ya baridi ndiyo humvunja, kwani kadiri chumvi inavyozidi ndivyo baridi kidogo inavyotosha kumuua. Kwa miaka 15 mkataba ulilazimisha maji ya fidia yaendelee kuingia ziwani. Yalikoma mwishoni mwa 2017. Tangu hapo ziwa limenywea haraka, na chumvi, iliyokuwa imevuka gramu 60, imeendelea kupanda. Tuseme wazi: mkulima anayetumia maji kwa uangalifu, jambo ambalo kila mtu anamsifia, ndiye anayelinyima ziwa hili maji. Uzembe wa zamani ndio uliolilisha.

Ndege walitoa ushahidi bila kuulizwa. Mwaka 1996 maelfu ya mwari walikufa kwa sumu ya botulizimu iliyotoka kwa perege waliowala. Lilikuwa janga, lakini janga la meza iliyojaa. Mwaka 2013 minandi walikihama Kisiwa cha Mullet, mojawapo ya mazalio yao makubwa, maji yalipokipungukia na wanyama wawindaji wakaweza kuvuka. Hao hawakufa ufuoni wapigwe picha. Waliondoka tu.

Jimbo lilianza mwaka 2021 kujenga mabwawa kwenye mdomo wa Mto New, upande wa kusini, ambamo maji ya mto yanachanganywa na ya ziwa ili chumvi ibaki katika kiwango ambacho samaki wadogo wanaweza kuishi. Lengo ni chakula cha ndege na kuzuia vumbi la tope lililokauka. Ndoana haimo katika lengo hilo.

Mchanga wa ufuo wa Salton, ukiuchota kiganjani, si mchanga. Ni magamba ya vijidudu vinavyoganda kwenye vyombo, vipande vya mifupa ya mashavu, na pingili ndogondogo za uti wa mgongo wa samaki. Huko Red Hill, bandari ndogo ya boti za wavuvi imesimama kwenye nchi kavu.