Kabla hujalipa, pindua chombo uone kitako

Mnadani wengi wetu tunakimbilia jinzi na raba, vyombo vya mtumba tunawaachia akina mama. Hapo kuna kitu tunakiacha.

Siku moja ya gulio hapa Kiwangwa nilikuta kwa mama mmoja jagi zito la udongo, la kahawia, kalijaza vijiko vya kuuza. Lenyewe hata halikuwa bidhaa. Nikamwamkia, nikaomba nilipindue. Kwenye kitako kulikuwa na herufi mbili zilizochorwa kwa mkono udongo ukiwa bado mbichi, na chini yake Seagrove NC. Mama akacheka: "Mwanangu, toa elfu tatu uchukue, vijiko nitavitia kwenye ndoo."

Nilivyogugo nikashika kichwa. Seagrove ni kamji kadogo huko North Carolina, Marekani. Eneo lile watu wanafinyanga tangu karne ya 18, na karakana zipo kwa makumi mpaka leo. Sio kwamba nimekuwa tajiri, tulieni. Ila chombo cha mtu mwenye jina si sawa na kikombe cha kiwandani. Nikarudi kumwambia mama. Tumekubaliana likiuzwa zaidi tunagawana, maana kumzunguka mtu anayekuita mwanangu, hapana.

Sasa utajuaje? Cha kiwandani mara nyingi kina nembo iliyopigwa chapa, na kama kimemiminwa kwenye kalibu utaona mstari wa mshono ubavuni. Cha mkono, tia vidole ndani: utasikia mizunguko ya vidole vya mfinyanzi inapanda kama ngazi. Kitako mara nyingi hakina rangi ya kung'aa, kwa sababu ikiyeyuka tanurini chombo kingegandia pale kilipokaa. Halafu tafuta sahihi. Mwisho gonga kwa ukucha. Kikilia kama kengele, kizima. Kikitoa sauti butu, huenda kuna ufa umejificha.

Hiyo sahihi ndiyo inabeba hela. George Ohr wa Biloxi, Mississippi, alifariki 1918 akidharauliwa, watu wakimwita kichaa. Maelfu ya vyombo vyake yalikaa stoo kwa familia, watoto wake wakitengeneza magari, mpaka mfanyabiashara wa vitu vya kale akavinunua miaka ya 1970. Leo vinagombaniwa.

Mwingine ni Dave, mtumwa huko South Carolina. Jimbo lile tangu 1834 lilikataza kuwafundisha watumwa kusoma na kuandika, lakini yeye aliandika jina lake, tarehe na hata mashairi kwenye mitungi. Mmoja, wa 1858, ulinunuliwa mwaka 2021 kwa dola milioni 1.56. Sisi tuliokulia jirani na Bagamoyo, mji walikopitishwa watumwa wengi ambao majina yao hayajulikani, habari hiyo inagusa pabaya.

Angalizo moja. Mtu akikuletea vipande vya bakuli za Kichina kutoka magofu ya Kaole, usinunue. Bakuli za namna ile zilipachikwa kwenye makaburi ya watu, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inazilinda. Huo sio mtumba, huo ni wizi.

Na vya kwetu? Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi 1950, vyungu vyake vimeuzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni laki mbili kimoja. Wanawake wa Kikisi kule Ziwa Nyasa wanafinyanga bila gurudumu vyungu vyembamba ajabu, vinafika mpaka Dar, na mimi sijawahi kuona kimoja chenye jina la aliyekifinyanga. Nilimuuliza bibi mmoja mfinyanzi huku kwetu kwa nini haandiki lake. Akanitazama kama mtoto. "Niandike ili iweje? Wanaonunua wote wananijua."