Siku ya Walimu Vijana katika Msitu wa Ituri

Ng'ambo ya milima ya Ruwenzori na mto Semliki, uko mji wa Boga katika nchi ya Kongo. Mashariki yake ni nchi ya majani, yenye kufaa ng'ombe. Magharibi yake waanza msitu mkubwa wa Ituri, ambao mtu aweza kutembea ndani yake siku nyingi asione uwanja.

Mwaka 1896 alifika huko Mganda mmoja, jina lake Apolo Kivebulaya, mwalimu wa dini aliyebatizwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuondoka, kwa kuwa mkuu wa mji, Tabaro, hakuwataka, nao wakanyimwa chakula. Apolo alikwenda na jembe lake, apate kulima mwenyewe. Hata hivyo alipata taabu nyingi, akatiwa na kifungoni kwa shitaka lisilo kweli. Lakini alirudi Boga, na mwishowe Tabaro mwenyewe akabatizwa. Mwaka 1903 Apolo alipata ukasisi. Na mwaka 1921, alipokuwa amekwisha pita miaka 50, wakati ambao watu wengi huanza kutafuta kivuli cha kupumzikia, ndipo alipoanza kazi kwa Wambuti wa msituni.

Wambuti ni watu wafupi wa kimo, wawindaji. Waswahili wa zamani waliwaita Mbilikimo, jina ambalo si heshima kumwita mtu usoni. Kwa desturi yao ya zamani hawakulima. Huua nyama, huchuma matunda na uyoga, hurina asali. Kisha hupeleka nyama kwa wakulima wa kando ya msitu na kupewa ndizi na vyombo vya chuma. Biashara hiyo ni ya kale sana. Lakini ilikuwa na uchungu ndani yake, maana mkulima alizoea kusema, "Hawa ni Wambuti wangu," kama mtu anenavyo habari za mbuzi wake, wala hakuketi kula nao.

Sasa tuitazame siku ya vijana waliojifunza ualimu katika nchi kama hiyo. Kijana hakuujua ualimu mpaka ameingia msituni.

Safari huanza alfajiri, umande ungali mwingi. Mizigo ni michache: chumvi, ndizi, sufuria, vitabu vilivyofungwa vizuri visilowe. Mara wakiisha kuingia chini ya miti, jua lapotea. Miti mingine yapata urefu wa mita 40, na majani yake yameshikamana juu kama paa, hata saa sita mchana ni kama magharibi. Mtu aliyezaliwa katika nchi ya majani huona moyo wake wabanwa, kwa kuwa hawezi kuona mbali. Hapo macho hayamfai kitu. Hana budi kutumia masikio.

Njia ni za ndovu na za Wambuti. Njia ya ndovu ni pana, lakini si salama, maana mwenyewe aweza kurudi wakati wo wote. Njia ya Mbuti haionekani: ni kijiti kilichovunjwa hapa, jani lililogeuzwa pale. Basi kijana aliyekwenda kufundisha hulazimika kumfuata mtu ambaye huko kwao aliambiwa kuwa ni mjinga, na kumtii kwa kila neno. Akimwambia simama, asimame. Akikanyaga siafu, hakuna fahari iliyobaki: hutupa mzigo na kurukaruka, na Wambuti hucheka mpaka wakaketi chini. Kicheko hicho hufungua mlango kuliko hotuba. Katika msitu huo hukaa na okapi, mnyama wa jamaa ya twiga. Wataalamu wa Ulaya hawakumpa jina katika vitabu vyao mpaka mwaka 1901, lakini Wambuti walikuwa wakimla tangu zamani za babu zao.

Alasiri hufika kambini. Nyumba ni kazi ya wanawake: huchoma fito ardhini, huzipinda zikutane, kisha hupanga majani mapana juu yake, moja likilalia jingine, hata mvua isipite. Kazi hiyo haimalizi nusu ya siku. Na moto hawaufanyi upya kila mara. Hubeba kaa lililofungwa majanini toka kambi hata kambi.

Ndipo jambo kubwa la siku lakuja, nalo ni chakula. Nyama yagawanywa, kila moto upate sehemu yake, na mgeni naye hupewa. Kijana akipokea na kuketi, watu wote wakiangalia, amevunja desturi ya wakulima. Na huenda watu wa kijijini wakamcheka atakaporudi. Asipopokea, vitabu vyake vitabaki vimefungwa. Hapana njia ya katikati. Apolo mwenyewe alikaa na watu hao, akajifunza usemi wao, hata akaifasiri Injili ya Marko kwa maneno yao.

Usiku ni wa nyimbo. Wambuti ni hodari mno wa kuimba. Sauti hupokeana, kila mtu na sehemu yake, wala huwezi kusema nani anaongoza. Mwalimu aliyekuja kuwafundisha wimbo hugundua upesi kwamba wamekwisha kuushika na kuupita.

Lakini asubuhi huja swali gumu. Kambi haikai mahali pamoja: nyama wakipungua, watu huhama, na shule hubaki na majivu na fito zilizopinda. Kijana hana budi kuchagua: arudi Boga, au achukue mzigo wake na kuhama nao, pasipo kujua kambi ya mbele itakuwa wapi. Wengine walirudi, wala si ajabu. Wengine walifunga vitabu vyao tena, wakafuata vijiti vilivyovunjwa.

Apolo alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza azikwe kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu.