Wapiga Debe wa Barua Pepe

Ukiingia stendi kuu ya Mbeya na begi lako, hujauliza neno, tayari watu watatu wamekushika mkono: "Iringa, Iringa, gari inaondoka!" Gari lenyewe halina dereva. Mpiga debe hajali utafika saa ngapi. Yeye analipwa kwa kichwa.

Leo nazungumzia wenzao walio kwenye barua pepe. Tunadhani barua inayosifia dawa ya kupunguza unene au kozi ya kutajirika imetoka kwa mwenye bidhaa. Mara nyingi sivyo. Mwenye bidhaa hutoa kamisheni kwa yeyote atakayemletea mteja. Mtindo huo si haramu. Duka la Amazon linautumia tangu mwaka 1996. Ubaya huanza pale mtu anapokusanya anwani za watu wasiomjua na kuzimwagia matangazo.

Utamtambuaje? Achana na sifa, tazama mkia. Kwenye simu, kandamiza kiungo kwa kidole bila kuachia, anwani yake itajitokeza. Mwishoni mara nyingi utakuta herufi kama "ref" au "aff" na namba. Hiyo ndiyo namba ya mpiga debe, ili mwenye gari ajue amlipe nani. Wajanja huificha kwa kiungo kilichofupishwa, na hiyo nayo ni dalili.

Mwalimu mmoja wa Iringa alinionyesha barua tano zenye majina matano, zote zikimwahidi kazi ya kufanyia nyumbani. Namba ya mkiani ilikuwa moja! Na alikuwa karibu kulipa "ada ya usajili" kwa fedha ya karo ya mtoto.

Kufungia anwani mojamoja ni kazi bure, maana hubadilika kila siku. Ripoti barua hiyo kuwa ni taka ili mtambo ujifunze, kisha weka kichujio cha maneno yanayojirudia. Usibonyeze "jiondoe" katika barua ya mtu usiyemjua. Unamthibitishia kuwa anwani ina mwenyewe. Kwa duka ulilojiandikisha kwa hiari yako, jiondoe tu, haina neno. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa ujumbe usioombwa, lakini mpiga debe aliye ng'ambo haitwi kituo cha polisi Mwanjelwa.

Na folda ya taka uipitie kila Jumamosi. Kichujio nacho hukosea. Barua ya kuitwa kwenye usaili inaweza kulala humo, na Gmail huifuta baada ya siku 30.