Mashine Hununuliwa, Mtaalamu Hulelewa
Vyuo vikuu, viwanda na hospitali katika kuwaandaa watafiti wa uchapishaji wa vipandikizi

Mwezi Juni 2011, katika mji wa Sittard-Geleen nchini Uholanzi, madaktari wa upasuaji waliondoa karibu taya lote la chini la bibi mwenye umri wa miaka 83. Mfupa wake ulikuwa umeharibiwa na maambukizi sugu, na kwa umri wake haikuwa busara kumpitisha katika upasuaji wa saa nyingi wa kuchukua mfupa kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuujenga upya kinywani. Badala yake aliwekewa taya la titani lililotengenezwa kwa vipimo vyake mwenyewe. Upasuaji ulichukua saa 4. Siku iliyofuata aliweza kuzungumza na kumeza, na siku chache baadaye alirudi nyumbani.

Taya hilo lilikuwa na uzito wa gramu 107, takriban gramu 30 zaidi ya taya la asili. Halikumiminwa katika kalibu wala halikuchongwa. Mashine ilitandaza unga laini wa titani, mwale wa leza ukauyeyusha mahali palipotakiwa tu, kisha unga mwingine ukatandazwa juu yake. Kila milimita moja ya kimo ilihitaji tabaka 33. Kanuni hii si ngeni kwa mfinyanzi wetu. Seremala hupunguza mti mpaka kiti kionekane. Mfinyanzi huongeza udongo, pete juu ya pete, mpaka mtungi ukamilike. Wataalamu huita njia hii utengenezaji kwa kuongeza tabaka, na wengi wetu tumezoea kuiita uchapishaji wa 3D.

Habari ya taya hilo ilipotangazwa mwezi Februari 2012, sifa nyingi ziliiendea mashine. Makala haya yanamtazama mtu anayesimama kando ya mashine. Yeye ndiye anayeamua unga uyeyushwe kwa nguvu gani, umbo lisimamishwe kwa pembe ipi, na kipande kipi kitupwe kwa kuwa hakifai kuingizwa mwilini mwa binadamu. Mtu huyo hufunzwa wapi, na nani humfunza?

Taya moja, mikono mingi

Kazi ile haikuwa ya taasisi moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hasselt nchini Ubelgiji walishirikiana na kampuni ya usanifu ya Uholanzi iitwayo Xilloc Medical, na uchapishaji ukafanywa na kampuni ya LayerWise ya mjini Leuven, Ubelgiji. Kila mmoja alileta sehemu yake ya ujuzi. Daktari alijua neva ya taya hupita wapi na misuli ya kutafuna hushika wapi. Msanifu alijua namna ya kuigeuza picha ya CT kuwa umbo kamili. Mhandisi alijua titani hufanya nini inapoyeyuka na kupoa kwa ghafla.

Ushirikiano wa namna hiyo haukuzuka kwa siku moja. Mwaka 1990, Wilfried Vancraen alianzisha kampuni ya Materialise mjini Leuven kwa kushirikiana na chuo kikuu cha mji huo, KU Leuven. Kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza Mimics, programu inayosoma picha za CT na MRI na kuziunganisha kuwa umbo la mfupa au kiungo. Mwaka 2008, watafiti waliotoka katika chuo hichohicho walianzisha LayerWise, ambayo mwaka 2014 ilinunuliwa na kampuni ya Marekani ya 3D Systems. Kwa hiyo, taya la mwaka 2011 lilikuwa tunda la miaka mingi ya watu kwenda na kurudi baina ya maabara na karakana.

Kwa nini darasa peke yake halitoshi

Mfano mmoja utaonyesha ugumu wa elimu hii. Kipandikizi cha metali kinapochapishwa, upande uliotazama chini wakati wa kujengwa mara nyingi huwa na mikwaruzo kuliko upande uliotazama juu. Sababu yake ni joto. Tabaka lililo juu ya metali ngumu hupoa upesi kwa kuwa metali hupitisha joto. Tabaka linaloning’inia juu ya unga mtupu halina njia nzuri ya kutoa joto, hivyo metali iliyoyeyuka huzama kidogo ndani ya unga na kuacha vinundu na chembe zilizonata.

Kwa mhandisi hilo ni tatizo la ubora, lakini kwa mgonjwa lina sura mbili. Uso wenye mikwaruzo unaweza kuwa chanzo cha ufa pale kipandikizi kinapobeba uzito maelfu ya mara, na chembe zilizolegea hazitakiwi kubaki katika tishu. Hata hivyo, mahali kipandikizi kinapokutana na mfupa, uso ulioparuza kwa kiasi huusaidia mfupa kushika. Wapi pawe laini na wapi pawe pa kuparuza? Chuo kikuu kina hadubini na nadharia ya kulieleza tatizo. Kiwanda kina mashine zinazofanya kazi usiku na mchana, pamoja na kumbukumbu za vipande vilivyoharibika. Hospitali ina mgonjwa. Mtafiti aliyelelewa katika nyumba moja tu kati ya hizo tatu atalijibu swali hili nusunusu.

Tatizo la nyuso zinazotazama chini lilikuwa miongoni mwa yaliyochunguzwa na mtandao wa mafunzo ulioitwa PAM2, ulioanza mwaka 2016 chini ya uratibu wa KU Leuven. Uligharimiwa na Umoja wa Ulaya kupitia mpango wa Marie Skłodowska-Curie, na ukawaandaa watafiti vijana 15. Miongoni mwa washirika walikuwamo Chuo Kikuu cha Nottingham cha Uingereza, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmaki, Taasisi ya Teknolojia ya Karlsruhe ya Ujerumani, na tawi la 3D Systems la Leuven. Kazi iligawanywa kama mnyororo: wengine walishughulikia usanifu, wengine uyeyushaji, wengine upimaji wa kipande kilichokamilika. Kila mmoja aliandika tasnifu yake akijua kwamba matokeo yake yangetumiwa na mwenzake wa pete inayofuata.

Masharti ya mitandao ya aina hiyo yanafaa kujulikana, maana ndiyo yanayoyapa mafunzo umbo. Mtafiti huajiriwa kwa mkataba wenye mshahara kwa muda maalumu. Hatakiwi kuwa ameishi katika nchi inayompokea kwa zaidi ya miezi 12 kati ya miezi 36 iliyotangulia, kwa hiyo hulazimika kuvuka mpaka. Hutumwa kwa vipindi katika taasisi nyingine za mtandao, na katika shahada za uzamivu za kiviwanda hutumia angalau nusu ya muda wake nje ya chuo. Aidha, nafasi huwa wazi kwa watafiti wa mataifa yote, wakiwemo wa Afrika.

Faida ina mitego yake

Tusiusifu ushirikiano huu kana kwamba hauna kasoro. Kampuni huishi kwa siri za biashara, na chuo huishi kwa kuchapisha matokeo. Mwanafunzi akigundua kwamba unga wa aina fulani hudhoofisha kipandikizi, je, ataruhusiwa kusema? Mkataba ulioandikwa vizuri hueleza mapema ni nani atamiliki uvumbuzi, chapisho linaweza kucheleweshwa kwa muda gani, na ni taarifa zipi haziwezi kufichwa kamwe. Kwa maoni yangu, taarifa yoyote inayogusa usalama wa mgonjwa lazima iwe katika kundi hili la mwisho. Pasipo kifungu hicho, mtafiti huwa mtumishi wa mabwana wawili, na mgonjwa asiyekuwapo mezani ndiye anayelipa.

Mtego wa pili ni kumsahau daktari. Katika mitandao mingi ya aina hii wahandisi ni wengi na matabibu ni wachache. Lakini sheria za Ulaya za vifaa tiba, yaani Kanuni ya 2017/745 iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 26 Mei 2021, zinasema kwamba kifaa kinachotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja maalumu hutengenezwa kwa agizo la maandishi la mtaalamu mwenye mamlaka hayo, anayewajibika kwa sifa za usanifu wake. Mtu hawezi kuwajibika kwa usanifu asiouelewa. Kwa hiyo daktari naye anahitaji mafunzo haya, japo si kwa kina cha mhandisi.

Kwetu Afrika Mashariki

Je, haya yote ni mambo ya Ulaya tu? Katika hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi nchini Uganda, inayohudumia watu wenye ulemavu, hasa watoto, uchapishaji wa 3D ulijaribiwa katika kutengeneza soketi za miguu bandia. Soketi ni ile sehemu inayoshika kigutu. Kwa njia ya kawaida, fundi hukizungushia kigutu bandeji ya plasta, hupata kalibu, hutengeneza mfano wa plasta, huuchonga kwa mkono, kisha huuvika plastiki iliyopashwa moto. Ni kazi ya siku kadhaa. Kwa mtoto kazi hiyo hurudiwa mara kwa mara, kwani mtoto hukua na soketi ya jana humbana leo.

Katika mradi ule, kigutu kilipigwa picha kwa skana ya mkononi, soketi ikasanifiwa katika kompyuta, kisha ikachapishwa kwa plastiki. Walioshirikiana walikuwa Chuo Kikuu cha Toronto cha Kanada, shirika la Nia Technologies, kitengo cha utafiti cha kampuni ya programu ya Autodesk, na hospitali yenyewe. Jambo la kuzingatia ni kwamba programu iliundwa ili itumiwe na fundi wa viungo bandia. Ujuzi wake wa kujua mahali kigutu kinapovumilia uzito na mahali kinapouma ulibaki kuwa msingi. Kompyuta ilichukua nafasi ya plasta, lakini haikuchukua nafasi ya vidole vyake.

Hapo ndipo penye somo kwetu. Tanzania ina chuo cha TATCOT kilichoko Moshi, ambacho tangu mwaka 1981 kimewafunza mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Vyuo vyetu vya tiba na vya uhandisi vina wanafunzi wenye uwezo. Anapokuja mfadhili na mashine mkononi, tumuulize kwanza juu ya watu: wangapi watafunzwa, kwa miaka mingapi, nani atawasimamia, na wakirudi watakuta unga, vipuri na mshahara? Mashine isiyo na mtu wake hufunikwa kitambaa baada ya kuharibika mara ya kwanza.

Maswali ya kuuliza

Mhudumu wa afya anayepelekewa kipandikizi au kiungo kilichochapishwa aulize mambo manne. Nani alikisanifu, na je, daktari wa mgonjwa aliupitia usanifu huo? Kimetengenezwa kwa malighafi gani, na je, malighafi hiyo imethibitishwa kwa matumizi ya mwilini? Kilipimwaje baada ya kuchapishwa, na kilisafishwa na kutakaswa vipi? Je, mamlaka husika, ambayo kwa Tanzania ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, inakitambua?

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza, tena bila kuona haya: Je, kuna njia ya kawaida inayonifaa vilevile? Nani ataniangalia kikilegea au kikinibana? Picha za mwili wangu zilizotumwa kwa msanifu zitahifadhiwa wapi, na nani ataziona? Daktari mwema hakasirishwi na maswali haya. Asipokuwa na jibu, wajibu wake ni kulitafuta kwa mhandisi kabla ya siku ya upasuaji.