Nywele za kipilipili na maandishi ya nyuma ya chupa

MTU akitembea mjini Machakos kutoka kituo cha mabasi kuelekea sokoni atapita saluni moja baada ya nyingine. Ndani mna rafu zilizojaa makopo na chupa za kila rangi. Upande wa mbele pana picha ya binti mwenye nywele ndefu zinazong'aa. Upande wa nyuma pana maandishi madogo mno, na hayo ndiyo ambayo mnunuzi hayasomi.

Waswahili waliziita nywele kwa majina tangu zamani: za singa ni zile zinazolala, za kipilipili ni zile zinazojikunja. Katika miaka ya 1990 mtengenezaji nywele wa Marekani, Andre Walker, ambaye alikuwa akimhudumia Oprah Winfrey, alitoa mpango wa namba 1 hadi 4. Leo kina dada wa mjini husema nywele zao ni "4C". Ni kipilipili ile ile, imepewa namba tu.

Kilicho muhimu ni umbo. Unywele wa kipilipili umebapa, nao hujipinda mara nyingi. Kila pindo ni mahali pepesi pa kukatikia. Tena mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayashuki upesi katika njia yenye kona nyingi, kwa hiyo ncha hukauka. Hapa Machakos, ambapo miezi ya Agosti na Septemba haina mvua ya kutegemewa, ukavu huo huzidi.

Basi mama akiona nywele zimekauka, hukimbilia mafuta ya mgando. Lakini mafuta hayo, yatokanayo na petroli, hayaingizi maji kwenye unywele. Kazi yake ni kuziba. Nywele zikipakwa zikiwa kavu, huzibwa katika ukavu wake! Tazama nyuma ya chupa: viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Jina la kwanza likiwa "Aqua", hayo ni maji. Likiwa "Petrolatum" au "Paraffinum Liquidum", umenunua kifuniko, na inafaa ulowanishe nywele kwanza.

Kifuniko cha namna hiyo bibi zetu walikuwa nacho bila kwenda dukani. Mbarika, ambao Wakamba huuita mwaiki, humea wenyewe kando ya mashamba na mito. Mbegu zilikaangwa, zikatwangwa, zikachemshwa, mafuta yakaenguliwa juu. Ni mafuta mazito, yanayoshika maji vizuri. Siku hizi huuzwa kwa bei kubwa katika vichupa, kwa ahadi kwamba yataotesha nywele; ahadi hiyo haijathibitishwa. Na watoto wasitafune mbegu zake, maana zina sumu kali. Mafuta ya nazi kutoka Pwani yana sifa nyingine: hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha.

Dawa za kunyoosha ni habari nyingine kabisa. Nyingi zina "Sodium Hydroxide", yaani kostiki soda, ile ile wanayotumia watengenezaji sabuni. Huvunja viungio vinavyoushikilia unywele katika mkunjo wake, na ndiyo sababu nywele hulala. Lakini kostiki haichagui. Ikikaa dakika chache kupita kiasi, huunguza na ngozi. Zile zinazosifiwa kuwa hazina soda mara nyingi zina "Calcium Hydroxide", ndugu wa chokaa ya kupaka ukutani, pamoja na dawa ya kuichanganyia. Hizo nazo huunguza, na huacha chumvichumvi inayokausha nywele.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliowafuata wanawake 33,497 walitangaza kwamba waliotumia dawa za kunyoosha mara kwa mara walipata saratani ya mji wa mimba zaidi kuliko wasiozitumia. Walikadiria kwamba kati ya wasiotumia, wangeugua asilimia 1.64 kufikia umri wa miaka 70. Kati ya watumiaji wa mara kwa mara, asilimia 4.05. Utafiti huo haukuonyesha ni kiungo kipi chenye lawama, wala haukusema kila atumiaye ataugua. Hata hivyo, mama anayempeleka binti wa miaka sita kunyooshwa nywele kwa ajili ya Krismasi ana jambo la kufikiria.

Kusuka nako kuna kipimo. Matuta yakikazwa hadi ngozi ya paji inainuka, mashina huvutwa. Yakivutwa miaka mingi, ngozi hufanya kovu, na penye kovu nywele hazioti tena, hata upake mafuta gani.

Limebaki suala la maji. Maji ya visima vingi vya Ukambani yana chumvi; sabuni haitoi povu, na nywele hubaki ngumu kama kamba ya mkonge. Wenye tangi la kukingia mvua hutenga ndoo moja ya maji hayo kwa suuza ya mwisho.