Si Kila Ufa ni wa Kuzibwa

Wahenga walinena ya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeisikia tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni, na sikuwahi kuitilia shaka hata siku moja, mpaka pale mpwa wangu alipotaka kuoa nami nikajitia kazi ya kuzifanya upya rimu za gari langu uani kwangu. Siku hiyo ndipo nilipojua kuwa uko ufa ambao ukiuziba wewe mwenyewe ndiwe utakayezikwa.

Gari langu ni la Kijapani, mtumba, kama yalivyo mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa. Sheria yetu ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka 8, kwa hivyo yanapofika hapa huwa bado yana sura. Langu lilifika na rimu nne za alumini ambazo ukizitazama kwa nyuma utaziona herufi JWL, alama ya Wajapani ya kuonyesha kuwa rimu hiyo imetimiza kipimo chao. Ziling'aa kama sinia la Idi.

Lakini mimi ni mtu wa Likoni, na kila siku ya kazi gari langu huvuka kwa feri. Maji ya chumvi hayana urafiki. Rimu ya alumini hupakwa rangi, kisha juu yake vanishi. Jiwe dogo likiibandua vanishi hiyo, au ukijikwaruza kwenye ukingo wa barabara, chumvi hupata mlango. Huingia chini ya rangi na kutambaa humo, ikaacha mistari myeupe kama njia za mchwa. Baada ya miaka mitano rimu zangu zilikuwa na mabaka kama mtu aliyeota choa.

Basi mpwa wangu akaja. "Mjomba," akanambia, "gari lako ndilo litakalomchukua bibi harusi Ijumaa ijayo. Lakini hizo rimu, mjomba!" Hakumaliza, wala hapakuwa na haja ya kumaliza.

Wa kwanza kuleta dawa alikuwa dada yangu, mama yake bwana harusi. Yeye alilelewa katika nyumba ya masinia ya shaba, na alikuja na kibakuli cha ukwaju na jivu la jikoni. Nilimzuia kwa adabu. Ukwaju ni dawa kongwe ya shaba, kwani ukali wake huondoa kile kijani kinachoganda juu yake. Alumini lakini ina tabia nyingine. Jivu likirowa hutoa maji ya magadi, na magadi huila alumini ikabaki nyeusi na yenye vidoto. Dada yangu alinuna, akenda zake na kibakuli chake.

Nikenda kwa fundi wa pancha, akazitoa tairi zote nne na vile vipande vya risasi vya kusawazishia. Nikaziosha rimu kwa sabuni na maji ya vuguvugu, mbele na nyuma, kwani vumbi la breki hujificha nyuma na kugandamana kama masizi ya chungu. Zilipokauka nikashika msasa.

Kazi ya msasa, ndugu msomaji, ndiyo kazi yenyewe. Yaliyobaki ni mapambo. Nilianza na msasa mkali wa namba 120 mahali palipoliwa, nikasugua mpaka ile mistari myeupe ikatoweka na chuma kikaonekana. Ukiacha hata kijitundu kimoja cha ugonjwa huo ukapaka rangi juu yake, utarudi tena baada ya miezi michache. Kisha nikashuka kwenye namba 240, halafu 400 ya kusugua kwa maji, mpaka kidole kikipita hakisikii mpaka baina ya rangi ya zamani na chuma. Mikwaruzo ya ukingoni niliijaza fila ile ya kuchanganya na dawa yake ya kugandisha, ikakauka, nikaisugua ikawa sawasawa.

Baadaye ni kupuliza. Alumini haishiki rangi ya kawaida. Yataka kwanza praima yake maalumu yenye kuuma. Nilipuliza praima, kisha rangi ya fedha mara tatu, kisha vanishi mara mbili, kila mkono mwembamba, nikingoja kama robo saa baina ya mkono na mkono. Mwenye pupa hupuliza mkono mmoja mzito, na rangi ikateremka kama machozi. Hali ya hewa nayo ni bwana mkubwa hapa kwetu. Ukipuliza vanishi hewa ikiwa imejaa maji, kama wakati wa masika, hugeuka nyeupe kama maziwa. Mimi nilichagua asubuhi, jua likisha kupanda na umande kukauka, lakini upepo wa baharini haujaanza kuinua mchanga. Na usisahau kuvaa barakoa ya mafundi, kwani moshi ule si uvumba.

Jambo jingine: pale rimu inapolaliana na gari, na yale matundu zinapokaa nati, sikupapaka rangi. Rangi nene ikibanwa hapo husagika, na nati zikalegea njiani.

Rimu tatu zikesha. Jumatano alasiri nikaigeukia ya nne, ile iliyokuwa ya mbele kushoto. Tairi yake ilikuwa ikipungua upepo kila wiki, nami nikiilaumu valvu. Nilipokuwa nikisugua upande wa ndani niliona mstari mwembamba kama unywele, wenye urefu wa kidole gumba. Moyo ulinambia, "Mkwaruzo huo." Fila ilikuwa mkononi. Harusi ilikuwa keshokutwa. Upande wa ndani nani atauona?

Jirani yangu, mzee aliyekuwa fundi wa malori kabla ya kustaafu, alikuwa amekaa barazani akinitazama. Akaniuliza, "Bwana, mbona umesimama?" Nikamwonyesha. Hakusema neno. Alimtuma mjukuu wake alete mafuta ya taa kidogo na kipande cha chaki. Akaupaka mstari ule mafuta ya taa, tukangoja kidogo, akaufuta kwa kitambaa kikavu mpaka pakawa safi. Kisha akasaga chaki akainyunyiza juu. Tulikaa kama muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Polepole, katikati ya ule unga mweupe, ukatokea mstari uliorowa. Mafuta yalikuwa yameingia ndani ya ufa na sasa yalikuwa yakitoka.

"Mkwaruzo haunywi mafuta," akasema mzee. "Huo ni ufa. Ulipigwa na shimo barabarani."

"Si nitaujaza, Fundi? Ama niuchomee?"

"Fila ni unga na gundi, haishiki uzito wa gari. Na alumini hiyo imepikwa kwa moto wa kipimo kiwandani. Ukiichomea hapa, pale pembeni mwa mchomo patalainika, na utapasukia hapo. Bwana, nani utampakia Ijumaa?"

Sikuwa na la kujibu. Rimu ya kufanana nayo sikuipata mjini kwa siku moja ile, kwani ukubwa, idadi ya nati na nafasi baina yake lazima vilingane. Nilikuwa na gurudumu la akiba, la chuma, jeusi tititi.

Ijumaa nikafunga magurudumu, nati moja kisha ile ya upande wa pili yake, si kwa kuzunguka, ili rimu ikae sawa. Gari likaingia mtaani kwa kina bibi harusi na maua yake, magurudumu matatu yakimetameta na moja jeusi. Watoto walicheka. Mama mmoja akauliza kama bwana harusi amekopa gurudumu. Mpwa wangu aliinamisha uso, nami nikakaza macho mbele. Tulimfikisha bibi harusi salama, na kesho yake nikazikaza nati tena, kama inavyotakiwa baada ya mwendo wa kwanza.

Ile rimu mbovu ilikaa uani. Wiki ya pili alipita kijana akaipenda, akanipa bei nzuri, maana upande wa mbele haukuwa na kasoro kubwa. Nikaigeuza, nikamwonyesha ufa. Akaondoka. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni, akasema ningaliweza kunyamaza tu. Nikamwambia kuwa ningenyamaza ningekuwa nimempa mtoto wa mwenziwe kile nilichomnyima mwanawe.

Rimu hiyo niliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo, baada ya kuikata kwa msumeno. Fila iliyobaki bado ninayo. Nimeijua kazi yake sasa: kuziba mikwaruzo tu.