Mdudu Mwekundu wa Majini na Mdudu wa Upele

Ukichota maji dimbwini huku Bihambwe, huenda ukaona mdudu mdogo mwekundu, mviringo, anaogelea. Usidhani kwamba huyo ndiye aletaye upele.

Hesabu miguu yake. Ni minane. Kwa hiyo si wa ukoo wa chawa, mwenye miguu sita, bali ni wa ukoo wa kupe na buibui. Jamii moja yao huitwa Hydrachna. Mwili wake ni kama mpira. Mtoto wake ana miguu sita tu, naye hunyonya wadudu wa majini. Mtu hamdhuru.

Mdudu wa upele ni wa ukoo huohuo, lakini haishi majini. Hafiki hata nusu milimeta. Jike huchimba ngozi katikati ya vidole na kutaga mayai humo. Huambukiza kwa kugusana na kulala pamoja.

Basi, mwili ukiwasha sana usiku, usiulaumu mto. Njoni hospitali watu wote wa nyumba, mpakwe dawa siku moja, na nguo mzifue kwa maji ya moto. Akitibiwa mmoja tu, wenzake watamrudishia upele.